Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri: naomba jibu la ruhusa yangu ya masomo

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUSOMA SHAHADA YA UZAMILI YA UUGUZI, KWA MARA YA TATU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Najua mtumishi wa umma ana ngazi za kupitia kabla ya kuandika hadharani. Nimezipitia zote. Barua yangu ya kwanza ilipita kwa Mganga Mfawidhi, ikapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ikafika masjala kwako ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu niliileta mwenyewe mkononi nikitoka zamu ya usiku, nikakaa kwenye benchi la nje hadi saa nane mchana. Nakala zote tatu ninazo na mihuri yake inasomeka. Jibu la maandishi sina hata moja.

Ningeendelea kusubiri kama si kikao cha Alhamisi iliyopita. Mwenzetu mmoja alisimama akauliza habari za masomo ya wauguzi. Ukasema muuguzi akisoma sana anaikimbia sindano, ukauliza, kwa kazi ya wodini shahada ya pili ya nini? Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa mstari wa tatu na sikucheka. Nilifika nyumbani nikashindwa kula, mwanangu akaniuliza kama kuna mtu amefariki kazini.

Naomba nilijibu swali lako, kwa kuwa uliliuliza na hukungoja jibu.

Mimi ni msimamizi wa wodi ya wazazi. Nilianza kazi na cheti, nikajiendeleza hadi stashahada, kisha shahada, na mara zote mbili nilijisomesha. Ada ya shahada ilitoka kwenye shamba la zabibu la mama yangu. Msimu ule wanunuzi walikuwa wachache, mama akauza kwa bei ya kutupa ili tarehe ya ada isinipite. Nilipomaliza nilirudi wodi ile ile, kitanda kile kile, na sindano sikuikimbia. Hadi leo naichoma mwenyewe wauguzi wanapopungua, na wanapungua karibu kila siku.

Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna kazi juu ya sindano. Napanga zamu za usiku na mchana kwa watu wasiotosha. Naagiza dawa na vifaa, naandika taarifa ya mwezi, nakaa kwenye kikao cha kupitia vifo vya uzazi na kueleza kwa nini mama fulani hakurudi nyumbani. Naamua nani akae na mama mwenye kifafa cha mimba na nani abaki na wengine sita. Kazi hizo hakuna darasa nililozisomea kwa kina. Nilikabidhiwa funguo za kabati na daftari la ripoti, nikaambiwa kuanzia Jumatatu wewe ndiye inchaji.

Halafu kuna wanafunzi. Mkoa wetu haujakosa vyuo vya uuguzi. Mirembe kipo, Mvumi kipo, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kina wanafunzi wake wa uuguzi. Vijana lazima wafanye mazoezi kwa vitendo, na huko wodini mwalimu wao ni nani? Ni sisi. Mwezi uliopita nilipokea wanafunzi 19, na kwa zamu moja nina wauguzi wawili. Mwalimu wa chekechea husomea ualimu kabla hajakabidhiwa watoto. Mimi nafundisha watu watakaoshika roho za wengine, na hakuna siku niliyofundishwa kufundisha. Nawafundisha kama nilivyofundishwa: tazama nifanyavyo, fanya hivyo hivyo. Pale nilipojifunza vibaya, najua nawarithisha makosa.

Nikueleze usiku mmoja wa mwezi huo.

Mama mmoja alijifungua salama kama saa nane usiku. Mtoto alilia vizuri, kondo likatoka. Nilimwacha na mwanafunzi, nikaenda kwa mwingine aliyekuwa anasukuma. Niliporudi nikamuuliza yule binti, damu imetoka kiasi gani? Akanijibu, kidogo tu sista. Nikafunua kitenge. Kilikuwa kimelowa hadi kwenye godoro, na chini kulikuwa na cha pili kimekunjwa. Mama alikuwa ameshaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Tulikanda mfuko wa uzazi, tukaongeza oksitosini, dawa ya kukaza mfuko huo, tukafungua dripu mikono yote miwili, daktari akakimbia kutoka upande wa pili. Alipona. Alfajiri aliponiona alinisalimia kwa Kigogo, sauti ikiwa ndogo sana, nikashindwa kuitika nikageukia ukutani.

Yule mwanafunzi alilia hadi asubuhi. Hakuwa mzembe. Sisi tumezoea kukadiria damu kwa macho, na macho hukadiria pungufu. Vitabu vinasema ikivuka mililita 500 baada ya mama kujifungua kwa njia ya kawaida, hiyo ni hatari. Lakini mililita 500 zikishanywewa na kitenge zinaonekanaje? Hakuna aliyemwonyesha. Mimi ndiye nilipaswa kumwonyesha.

Baada ya usiku ule nilinunua mizani ya jikoni kwa hela yangu. Tunapima kitambaa kikavu, tunapima kilicholowa, tunatoa, na gramu moja tunaihesabu kama mililita moja. Ipo wodini hadi leo, karibu na sinki. Uje uione.

Nikaanza pia kutafuta wenzetu wanafanyaje. Nikakuta utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa hapa Tanzania, katika hospitali karibu 80, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Walitandika chini ya mama plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu ikaonekana wazi imefika wapi, na tiba zote zikatolewa kwa mkupuo mmoja bila kujaribu moja na kusubiri. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Asilimia 60, Ndugu Mkurugenzi, na akina mama wa Tanzania walikuwamo. Niliusoma kwenye simu wodi ilipotulia. Nilipofika kwenye takwimu nikakwama. Sikuelewa waligawaje hospitali kwenye makundi, wala zile namba zilizo ndani ya mabano zinanihakikishia nini. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Muuguzi anayekwenda kusoma uzamili kwa ajili ya uongozi na ualimu hujifunza kusoma utafiti, na kuufanya mwenyewe pale alipo. Hujifunza kupanga watu kulingana na uzito wa wagonjwa, kuandaa bajeti ya idara na kuitetea, kutunga somo, na kumpima mwanafunzi kwa haki ili asifaulu mtu asiyeweza kujua damu kidogo na damu nyingi. Anarudi wodini na vitu hivyo. Kwa kazi ya wodini, ndiyo, shahada ya pili inatakiwa wodini.

Wala si wazo geni. Kwenye somo la historia ya uuguzi tulifundishwa kwamba mwaka 1899, Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia kule New York ilianzisha kozi ya wauguzi waliotaka kusimamia hospitali na kufundisha. Mwaka 1907 Mary Adelaide Nutting akawa profesa pale, muuguzi wa kwanza duniani kushika cheo hicho. Mwaka huo reli ya kati ndiyo kwanza inafika Morogoro, Dodoma bado haijafika. Leo Dodoma ni makao makuu ya nchi, treni ya umeme inaingia, na mimi bado natetea jambo lililokubaliwa na wenzetu kabla bibi yangu hajazaliwa.

Sasa nikukumbushe ahadi yako, kwa heshima.

Ilikuwa tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa na sare nyeupe, tumewasha mishumaa, upepo wa Dodoma unaizima na sisi tunawashiana. Tulirudia kiapo. Wewe mwenyewe ukashika kipaza sauti ukasema kuanzia mwaka ule halmashauri itatoa ruhusa kwa wauguzi wawili kila mwaka kwenda kusoma uzamili, mmoja wa uongozi na mmoja wa kufundisha. Mama mmoja nyuma yangu alipiga vigelegele. Kwa hesabu hiyo tungekuwa na watu sita. Hajaenda hata mmoja.

Mwaka wa kwanza nilipata udahili, nikaambiwa kwa mdomo simo kwenye mpango wa mafunzo. Nikaomba kuingizwa. Mwaka wa pili nilikuwemo, jina langu nililiona kwa macho yangu, nikaambiwa kwa mdomo tena kwamba fedha hakuna. Nikaandika kuwa sitaki fedha ya halmashauri, ada nitajilipia, ninachoomba ni ruhusa tu ili nisihesabiwe mtoro. Kimya. Udahili ukaisha muda wake, nikaomba upya, nikalipa upya. Huu ni mwaka wa tatu.

Nimejiuliza sana sababu. Labda ni uhaba wa watu, maana nikiondoka miaka miwili wodi itayumba, na hilo nalikubali, linaninyima usingizi mimi kabla yako. Labda ni wale wenzetu wawili waliosoma zamani wasirudi, mmoja akaenda kwenye shirika, mwingine akaajiriwa chuo binafsi. Kama ni hilo, niwekee mkataba. Miaka mitatu, mitano, andika unayotaka, nitasaini mbele ya mwanasheria wenu. Au labda ni kwa sababu sisi ni wauguzi. Samahani kwa kusema hivi. Madaktari wawili waliondoka kwenda kusomea ubingwa ndani ya kipindi hiki hiki, nami niliwapongeza kwa moyo kwa sababu mmoja wao akirudi atatuokoa sana kwenye upasuaji. Lakini barua zao zilitoka. Sijui zilipita mlango gani ambao yangu haikuuona.

Taifa lilitangaziwa kwamba vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwenye ule wa 2022. Tulishangilia nanyi. Zimejengwa hospitali, zimenunuliwa ambulansi, mama wa kijijini sasa hupiga 115 na gari la m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, linamfuata. Gari likishafika, Ndugu Mkurugenzi, anayempokea mlangoni ni muuguzi. Aliyemfundisha muuguzi huyo ni muuguzi mwingine. Na aliyeamua usiku huo wodini kuwe na wauguzi wangapi, mara nyingi, ni muuguzi pia. Hao 104 waliobaki nawafikiria kama watu, kwa sababu baadhi yao nimewafunika shuka mimi.

Nilitaka kuomba mengi katika barua hii. Nilitaka kuomba halmashauri itenge fungu la masomo ya wauguzi, iandae mtu wa kushika nafasi ya anayeondoka, kila hospitali iwe na muuguzi mmoja aliyesomea kufundisha wanafunzi wodini, posho iongezwe kwa wanaosimamia vijana. Yote hayo nayaamini. Leo nayaweka pembeni.

Naomba jibu. Kama ni ndiyo, iwe ndiyo kwa maandishi. Kama ni hapana, andika hapana na sababu yake, utie sahihi, ili niiweke kwenye faili na nimwambie mama yangu ukweli. Fedha ya zabibu za msimu uliopita ameifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku, hataki kuigusa hata kwa mbolea. Jana alinipigia simu kuuliza kama barua imetoka. Nikamwambia bado.

Udahili wangu unafungwa mwisho wa mwezi huu. Wiki hii yote niko zamu ya usiku. Masjala ikifunguliwa saa moja na nusu asubuhi, nitakuwa kwenye benchi lile lile.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Afisa Muuguzi, wodi ya wazazi
Mkoani Dodoma