Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ute wa Njia ya Hewa ya Farasi

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliiagiza kamati ishughulikie kikohozi cha farasi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika zimo kwenye karatasi mliyogawiwa. Mimi nitazungumzia kikohozi, maana ndiyo kazi iliyotushughulisha mwaka mzima, kuanzia mabanda ya Ngong na Limuru hadi Timau.

Tulianza na ute wenyewe. Mwenye farasi na saisi, yaani mtunza farasi, wote wamezoea kuona kamasi puani, wakaipangusa kwa kitambaa, basi. Daktari wa mifugo aliyetufundisha alitueleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya ute ni maji. Kinachoyashika maji hayo ni musini, protini ndefu zilizozungukwa na minyororo ya sukari: galaktosi, fukosi na nyinginezo, na kwenye ncha za minyororo mingi, asidi ya siali. Zaidi ya nusu ya uzito wa musini ni sukari hizo. Asidi ya siali ina chaji hasi, kwa hiyo minyororo husukumana, musini hutanuka na kunywa maji. Hapo ute huwa laini kiasi cha kunasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vya koo la hewa, yaani bomba linalopeleka hewa mapafuni, huusukuma hadi kooni, farasi akaumeza.

Kisha alituwekea kwenye hadubini kipande cha utando wa koo la hewa kilichotiwa rangi mbili zinazobaini sukari. Penye sukari zenye asidi pamekuwa samawati, penye zisizo na asidi pamekuwa waridi iliyokolea, na seli za ute zilikuwa zimefura zambarau katikati ya vinyweleo. Saisi mmoja aliuliza kama sukari hiyo inatokana na molasi anayomchanganyia farasi. Nafurahi aliuliza, kwa sababu dhana hiyo imeenea. Jibu ni hapana. Seli huziunda sukari hizo zenyewe kutokana na glukosi ya damu, na kumnyima farasi molasi hakutapunguza ute wake.

Sukari hizo hizo ndizo virusi vya mafua ya farasi hujishikiza kwazo. Vya aina ya H3N8, vilivyotambuliwa mara ya kwanza Miami mwaka 1963, hutafuta asidi ya siali iliyounganishwa kwa namna inayopatikana kwa wingi katika koo la hewa la farasi. Ute ukiwa na asidi hiyo ya kutosha, virusi vingi hunasa humo kabla ya kuifikia seli. Lakini virusi navyo vina kimeng'enya cha kuikata asidi hiyo na kujinasua. Vikipenya, huangamiza seli zenye vinyweleo. Ute unabaki bila wa kuusukuma, bakteria wanazaliana. Ndiyo sababu tunasisitiza mapumziko ya wiki moja kwa kila siku ya homa, na yasipungue wiki 3, hata kama farasi anaonekana mchangamfu. Najua wenye farasi wa mbio inawauma. Australia mwaka 2007 mafua haya yalisimamisha mbio katika majimbo mazima.

Kuhusu mabanda, kamati imeridhika na mengi na haijaridhika na mawili. La kwanza ni kufagia farasi akiwa ndani. Farasi hawezi kupumua kwa mdomo. Vumbi lote la banda hupitia puani mwake, na mapafu yanayochokozwa na vumbi na kuvu hujibu kwa kutoa ute mwingi na mzito. Mtoeni kwanza. Nyasi kavu zilowekwe kabla ya kulishwa, na zilishwe chini, si kwenye wavu wa juu.

La pili, ambalo kwangu mimi ndilo zito zaidi, ni safari. Farasi aliyefungwa kichwa juu garini hawezi kuutoa ute, na ndani ya saa 24 bakteria huwa wameongezeka sana katika koo la hewa. Homa ya mapafu baada ya safari huanzia hapo. Kila msafirishaji asimame njiani, amfungue farasi na kumwacha ainamishe kichwa hadi chini.

Kamati inaleta mapendekezo matatu yapigiwe kura leo: kila banda liwe na daftari la kikohozi na kamasi, linaloonyesha rangi, uzito na pua ipi, farasi mgeni atengwe kabla ya kuchanganywa na wengine, na chama kichangie gharama za daktari kupima njia ya hewa kwa mrija wenye kamera, ambapo ute hupewa alama 0 hadi 5, kwa kila farasi anayekohoa zaidi ya wiki 3.

Nawashukuru masaisi waliohudhuria mafunzo siku zao za mapumziko. Naomba katibu afungue mjadala wa pendekezo la kwanza.

Mwenyekiti