Yah: Malalamiko kuhusu warsha ya "kubuni pamoja" programu ya vikundi vya akiba

Katibu wa Kikundi cha VICOBA,
Mbagala,
Dar es Salaam.

Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi chenye wanachama 28, kilichosajiliwa daraja la nne, yaani la vikundi vya kijamii vya fedha, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Wiki tatu zilizopita mlitualika wanachama 6 kwenye warsha, tukaambiwa tunakuja kubuni pamoja nanyi sehemu ya vikundi katika programu yenu ya simu. Jioni, kwenye daladala, mwenyekiti wetu alisema, "Jamani, tuliitwa kupigwa picha." Nimejaribu kumpinga tangu siku ile, nimeshindwa. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mwaliko ulisema saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, siku ya Jumamosi. Tulianza saa 5 kasoro tukisubiri wakubwa, tukatoka saa 10. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kununua hisa, yaani kuweka akiba kikundini, na sote 6 tulipigwa faini ya kutofika. Simu moja kabla ya kupanga tarehe ingetosha. Hilo tumelimeza, warsha zinazochelewa hatukuzianza kuziona kwenu.

Lililonikera ni la mezani. Mlituchanganya na mameneja wenu watatu, kisha mkatuomba tuseme ubaya wa kitu walichokitengeneza wao. Nani angethubutu? Mwezeshaji, kijana mpole ambaye sina ugomvi naye, aligawa vikaratasi vya njano vya kubandika. Maswali ukutani yalikuwa ya Kiingereza. Mama mmoja wa genge aliyeketi kuliani kwangu, anayepiga hesabu ya faida ya hisa kichwani kabla mimi sijawasha kikokotoo, alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Kijana akamwandikia: "Anapenda urahisi." Mama wa watu hakuwa amefungua mdomo.

Ukaja wakati wa kupiga kura kwa vidoa vyekundu. Meneja akabandika cha kwake kwanza, tena kwa kukikandamiza na kidole gumba, na vya wengine wote vikakifuata palepale. Kura ya namna hiyo haiwaambii lolote. Kila mtu angeandika lake kimya kwanza, vidoa vikabandikwa kwa pamoja, na wakubwa wakakaa chumba kingine, mngesikia mengine kabisa.

Mfano ni huu. Sanduku letu lina kufuli 3 na funguo zinakaa kwa watu 3 tofauti, ambao si mwenyekiti, si katibu, si mweka hazina. Halifunguliwi mpaka wote wawepo na wanachama wanatazama. Katika programu yenu, mweka hazina akiwa na namba yake ya siri anatoa fedha za kikundi peke yake, akiwa kitandani. Nilinyoosha mkono nikalisema. Nikaambiwa ni hoja nzuri, ikaandikwa kwenye karatasi kubwa yenye kichwa "Maegesho". Hadi tunaondoka ilikuwa imeegeshwa hapohapo. Baadaye nikamsikia mtaalamu wenu mmoja akimwambia mwenzake kwamba toleo lile limeshafungwa, linatoka mwisho wa mwezi. Sasa sisi tulikuwa tunabuni nini?

Ndugu Mkurugenzi, biashara hii ya fedha za simu mnaijua kuliko mimi. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ililenga watu kurejesha mikopo midogo. Watumiaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye kazi waliliona hilo, wakageuza mpango, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma fedha. Nao wangeweza kuliegesha.

Kuna na la kurekodiwa. Kamera ilikuwa kwenye kona tangu tunaingia, na hakuna aliyetueleza ni ya nini. Karatasi tuliyosaini ilikuwa ya nauli. Wiki iliyopita nimeona sura zetu kwenye tangazo lenu, juu yake maneno "Imebuniwa na akina mama wa vikundi". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu aelezwe lengo kabla taarifa zake hazijachukuliwa. Hatukuelezwa, na hatukuibuni.

Kwa hiyo tunaomba picha ziondolewe kwenye tangazo ndani ya siku 14, na mtuambie kwa maandishi rekodi ile iko wapi na nani anaitazama. Tunaomba pia mrejesho wa yale yaliyokuwa kwenye "Maegesho", hasa la funguo 3. Tusipojibiwa tutapeleka suala la picha kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kama bado mnataka kujua kikundi kinavyotunza fedha, tunakaa kila Jumamosi saa 8 mchana. Mtu wenu mmoja akija na daftari, bila kamera, atakaribishwa na soda tutanunua sisi. Asichelewe tu, faini ya mchelewaji ni shilingi 1,000, na mgeni naye analipa.

Wako,

Katibu wa Kikundi

Nakala: Mwenyekiti na Mweka Hazina wa Kikundi