Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu vijana wetu wameokota taka ukingoni bila kuchoka, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, maji ya Mto Nairobi yanayopita hapa Korogocho hayajabadilika rangi wala harufu, na kamati ilitaka kujua sababu.

Chupa na mifuko huonekana, ndiyo maana tunaikimbilia. Kinachoua mto ni uchafu ulioyeyuka: kinyesi, sabuni, mafuta ya gereji, damu ya machinjio. Bakteria wanaoula uchafu huo humaliza oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Hata tuzoe kila karatasi, bomba la ploti linalomwaga choo mtoni litaendelea na kazi yake usiku kucha.

Mitambo ya kusafisha maji taka ipo. Wa Kariobangi, jirani yetu, ulijengwa kusafisha mita za ujazo 32,000 kwa siku. Ule unaoitwa wa Dandora uko Ruai na ni mkubwa zaidi, mita za ujazo 160,000. Wengi mmeuliza unavyofanya kazi. Ni mabwawa yaliyopangwa kwa mfuatano. Katika lile la kwanza, lenye kina kirefu na lisilo na hewa, tope huzama na kuozeshwa. Yanayofuata ni ya kina kifupi: mwani hutoa oksijeni mchana, na jua huua vimelea. Hayahitaji umeme mwingi, yanahitaji nafasi na muda. Lakini bwawa husafisha kile tu kinacholifikia. Mabomba yaliyoziba, vifuniko vya chuma vilivyoibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, nyumba zilizojengwa juu ya bomba kuu: humo ndimo maji taka yanamotorokea.

Wapo pia wakulima wanaoziba mabomba makusudi ili maji taka yafurike na kumwagilia sukuma wiki na nduma. Siungi mkono, kwa kuwa minyoo na kipindupindu hutufuata hadi sahanini. Lakini sitakubali chama hiki kiwatukane. Kenya haina hata mita za ujazo 1,000 za maji safi kwa kila mtu kwa mwaka, na mkulima asiye na mfereji atayashika maji anayoyaona. Tudai apewe maji yaliyokwisha kusafishwa, kwa bei anayoiweza.

Wenzetu wa chini wasisahaulike. Mto huu unaingia Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Njiani wako watu wa Machakos, Makueni na Kitui, na Bwawa la Thwake linategemea maji hayo hayo. Tunachomwaga sisi asubuhi, mama mwingine atakichota kwa mtungi.

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kufufua Mto Nairobi, ukiwemo ujenzi wa mabomba makuu ya maji taka. Tunaupokea kwa moyo mmoja. Bomba kuu lisipounganishwa na ploti zetu, litapita tu mlangoni. Kuhusu ubomoaji wa nyumba za ukingoni uliofuata mafuriko ya 2024, msimamo wetu haujabadilika: mto uachiwe nafasi yake, na anayehamishwa aonyeshwe pa kwenda kabla tingatinga halijafika.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura. Siku za kuokota taka zipunguzwe nusu. Nguvu hiyo tuielekeze kwenye ukaguzi wa ploti moja baada ya nyingine, tuandike choo cha kila ploti kinamwaga wapi, kisha tukae na wenye nyumba na kaunti tukiwa na orodha mkononi. Wenye nyumba walio wanachama wetu wakaguliwe kwanza, nami nikiwa wa kwanza kati yao.

Mwenyekiti