YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAELEZO YA MVINYO MWEKUNDU WA MADIRAN

Kwa Meneja Mauzo,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nilinunua dukani kwenu katoni mbili za Madiran kwa ajili ya sendofu niliyopewa kazi ya kupika. Sikubahatisha. Kikaratasi cha Kiswahili mlichobandika nyuma ya chupa kinasema ni mvinyo mwepesi, laini kooni, unafaa kwa samaki na vyakula vya viungo, na unywewe ukiwa na joto la kawaida la chumba. Nami nikapanga changu wa kupaka, tui zito, na pilipili ya kutosha.

Wageni walipiga funda la kwanza wakakunja nyuso kama watu waliong'ata bibo bichi. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akaniuliza kwa upole kama chupa zimeharibika. Mvinyo ulikuwa mzima kabisa, ndiyo maana nawaandikia ninyi na si waliouzalisha.

Madiran hutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, upande wa milima ya Pyrenees, na zabibu yake kuu ni Tannat, maarufu kwa wingi wa tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi. Rangi yake inakaribia weusi, na ndani yake mna ladha ya matunda meusi kama forosadi. Wenyeji wa huko huunywa na bata aliyepikwa taratibu kwenye mafuta yake mwenyewe, au na cassoulet, maharage meupe yaliyoiva pamoja na soseji na nyama. Wanajua wanachofanya: protini na mafuta ya nyama huutuliza ukakasi, na ladha ya tunda ndipo inapojitokeza. Samaki hana uwezo huo. Ukimchanganya na mvinyo wa namna hii, mdomoni hubaki ladha ya chuma, na pilipili huwasha mara dufu kwa sababu kilevi huichochea. Mngeandika tu "nyama yenye mafuta", ningechoma mbavu za mbuzi na leo ningekuwa naagiza katoni nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maelezo yenu ni mazuri, ila ni ya mvinyo mwingine. Yanaifaa Beaujolais ya zabibu ya Gamay, yenye tanini kidogo na harufu ya matunda mekundu. Nashuku mna kikaratasi kimoja kwa kila chupa nyekundu itokayo Ufaransa.

Halafu hilo joto la chumba! Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye ubaridi, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Dar es Salaam mwezi Februari chumba kinafika nyuzi 30, na hapo kilevi hupanda puani kabla hujaonja chochote. Waambieni wateja waiweke chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua.

Katoni ya pili haijaguswa na risiti ninayo. Naomba mnibadilishie kwa Beaujolais. Kama kuna tofauti ya bei nitaongeza. Madiran mtakayoirudisha rafuni ipewe maelezo yake yenyewe. Gharama ya samaki siwadai, maana waliliwa wote, kwa juisi ya ukwaju.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wako katika biashara,

Mpishi wa shughuli,
Kinondoni, Dar es Salaam