Barua kwa mwanangu aliye Dodoma

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, nikampa na baba yako. Unataka kuhama kwa kuwa mwenzio wa chumba anakunywa bia, Jumapili hata kanisani haendi, na tangu juzi hamsalimiani. Hilo la kutosalimiana ndilo limeninyima usingizi.

Kazi umeipata kwa jasho lako na hapa mtaani natembea kifua mbele. Lakini ulipoandika "mtu asiye na maadili" sikupenda. Labda maneno hayo umeyaokota humu humu barazani kwetu, sikatai. Msalimie.

Mama wa chumba cha mwisho unamjua, sina haja ya kukusimulia. Sufuria yake ya kitimoto ina msumari wake nje ya dirisha, na hakuna aliyemwambia aitundike huko. Krismasi kuku wake humletea baba yako achinje, ili nyumba nzima ile. Imani yake ni yake, yetu ni yetu, na nikiugua yeye ndiye wa kwanza kunikorogea uji.

Halafu una bahati usiyoiona: mwenzio Mnyamwezi wa Tabora, wewe Mzaramo. Huyo ni mtani wako! Utani huo ni wa tangu misafara ya pembe za ndovu ikishuka pwani, na mtani humpasha mwenzake usoni, hata msibani, wala hakuna anayenuna. La bia mtanie nalo. Naye akutanie kwa kelele zako za ndoo alfajiri. Ila akileta mwanaume usiku chumba mnacholala wote, hapo hakuna utani, kaa naye chini mseme. Na sala zako zishike, hakuna aliyekuomba uziache.

Umemsalimia lakini?

Kodi ya miezi sita mmelipa pamoja. Ukihama, yeye hiyo nusu yako ijayo ataitoa wapi? Hukulifikiria hilo.

Huku umeme wa LUKU haukai, mdogo wako anakesha na feni. Fundi wa bati kachukua hela ya misumari na simu hapokei. Kesho asubuhi nampa kondakta kifurushi: nazi sita, dagaa mchele na kisamvu nilichokwisha kutwanga. Nazi tatu ni zake, mwambie zimetoka kwangu. Kisamvu kiungeni jioni hiyo hiyo kisije kikachacha, na umwite mle sahani moja.

Mama yako