Barua kwa Mama Kulwa kuhusu fundi rangi

Nyegezi, Mwanza
5 Juni 2024

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Kulwa na kwa watoto. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba nyumba ya Buhongwa imekwisha kupigwa lipu, na kwamba wadogo zako wamekubali ile nyumba ya marehemu mzee kule Isamilo ikarabatiwe badala ya kuuzwa. Umeniomba nikutafutie fundi rangi mmoja atakayezifanya zote mbili kwa bei moja ya jumla. Fundi wa kukuonyesha ninaye, lakini hiyo bei ya jumla nakuomba uiache, kwa sababu hizo ni kazi mbili zisizofanana, na fundi anayezitajia bei moja atafidia hasara ya nyumba moja kwa kulipua nyingine.

Nianze na ya Isamilo, maana ndiyo yenye maneno mengi. Kuta zake ni za tofali za udongo zenye lipu ya chokaa, na juu yake yamerundikana matabaka ya chokaa ya miaka mingi. Rangi mpya ikipakwa juu ya chokaa inayopukutika unga, itashikamana na ule unga tu, kisha itabambuka vipande vipande hata kama umenunua ndoo ya bei kubwa kuliko zote dukani. Kwa hiyo kazi yenyewe pale ni kukwangua, kuosha, kuziba nyufa na kusubiri ukuta ukauke. Kupaka rangi huja mwishoni na hakuchukui muda mrefu. Fundi akifika, mpeleke kwanza kwenye ukuta wa nyuma unaotazamana na mlima. Unajua jinsi mvua inavyoteremka juu ya mawe yetu bila kunywewa na ardhi, ikaja kutuama kwenye misingi ya nyumba, na ndiyo maana ukuta ule unatoa magadi na kuota ukungu kila masika. Fundi anayestahili kazi atakuuliza maji yanatoka wapi na mfereji unaelekea wapi, hata kabla hajakuuliza unapenda rangi gani. Akikuambia kwamba atapiga rangi ya mafuta ili auzibe huo unyevu, muage kwa heshima. Kuta za namna ile zinahitaji kupumua, na unyevu ukifungiwa ndani utaisukuma rangi mpaka idondoke.

Katika nyumba hiyohiyo kuna milango na fremu za mbao zilizopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na hapa sina mzaha hata kidogo. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vumbi la rangi hiyo huwadhuru zaidi watoto wadogo, ambao hutambaa sakafuni na kutia mikono mdomoni. Kwa kuwa hatujui mzee alipaka nini, ichukulie kuwa ina risasi: fundi asiikwangue ikiwa kavu, wala asiichome kwa moto ili ilainike, bali atumie msasa wa maji, avae barakoa, na sakafu ifutwe kwa tambara bichi badala ya kufagiwa. Wajukuu wasikanyage pale mpaka usafi uishe. Ukimweleza fundi haya naye akacheka, umeshapata jibu lako.

Buhongwa mambo ni mepesi, isipokuwa ile haraka ya Baba Kulwa ya kuhamia. Lipu ya saruji ikiwa mbichi ina ukali wa magadi unaoharibu rangi, na kwa kawaida hupewa siku 28 kabla ya kupakwa, zaidi ya hapo hali ya hewa ikiwa ya unyevu. Kuna kipimo rahisi: bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone ya maji kwa ndani, ukuta bado. Baada ya skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta, na msasa, praima ya kuta mpya, yaani rangi ya msingi inayotangulia, isirukwe, ingawa mafundi wengi watakuambia kwamba tabaka la kwanza la rangi iliyozimuliwa linatosha. Halitoshi.

Kuhusu kiasi cha rangi, usikubali kutajiwa ndoo kwa kukisia. Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kuta za urefu wa mita 3 ina mita za mraba 54. Ukitoa milango na madirisha zinabaki kama 46, na kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 92. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, kwa hiyo lita 9 au 10 zinatosha, na ndoo ya lita 20 itamaliza vyumba viwili vya namna hiyo. Nunua mwenyewe, dai risiti, angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na ndoo zifunguliwe mbele yako. Mafundi wanaopenda kazi na vifaa vyote viwe mikononi mwao siwalaumu wote, lakini kwa nyumba usiyoishi ndani yake mimi nisingekubali.

Mwombe fundi akuonyeshe nyumba aliyoipaka kabla ya masika iliyopita, kwa kuwa ile ya wiki jana hupendeza hata ikiwa ya fundi maiko, yaani fundi wa kubahatisha. Kisha andikeni mapatano mawili, moja la kila nyumba, yakieleza maandalizi, idadi ya mikono na tarehe, na mjumbe wa mtaa ashuhudie. Malipo yafuate hatua za kazi, na sehemu fulani ibaki mpaka mvua za kwanza za vuli zipite juu ya ukuta ule wa nyuma.

Kiangazi ndiyo kimeanza, basi Isamilo itangulie. Rangi ya mafuta ya milango ipakwe asubuhi umande ukishakauka, kwa kuwa jioni vijidudu vya ziwani hufuata taa na kunasa kwenye rangi mbichi. Rangi zenyewe chagueni ninyi. Mimi ningependa ukuta wa nje usiwe mweupe, kwa sababu ya vumbi la Buhongwa.

Fundi niliyekusudia yuko Igoma na anamaliza kazi aliyonayo mwishoni mwa mwezi huu. Nitumie vipimo vya vyumba vya nyumba zote mbili, na uniambie ni Jumamosi ipi utakuwa Isamilo, nije naye auone ukuta kabla hajataja bei.

Rafiki yako,
Mama Neema