Msikate waya wa ardhi ili ampli inyamaze

Mhariri,

Hapa Lubumbashi, ampli ya lampe (inayokuza sauti kwa taa za kioo zenye waya wa moto ndani) ikianza kuvuma kanisani au kwenye baa, wengi hukimbilia kukata waya wa ardhi kwenye plagi. Mvumo mara nyingi hukoma kweli, na fundi analipwa. Naomba nafasi niwaambie wanamuziki alichowaachia.

Ampli na mikseri zikichomekwa kwenye prizi mbili zilizo mbalimbali, kila moja na ardhi yake, waya wa sauti unaoziunganisha hufunga duara. Umeme mdogo huzunguka humo, nao ndio unaovuma. Kukata ardhi huvunja duara, lakini bati la ampli linabaki bila kinga. Siku transfoma ikivuja, bati lote linabeba 220 V. Mpiga gita ameshika nyuzi, anasogeza midomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa na mikseri yenye ardhi: umeme unapita kifuani mwake. Chomekeni vyombo vyote kwenye waya mmoja wa kurefusha, wenye ardhi nzima. Mvumo ukibaki, wekeni transfoma ndogo ya sauti ya 1:1, inayopitisha sauti bila nyaya za pande mbili kugusana, kati ya ampli na mikseri.

Kama ampli inavuma hata ikiwa peke yake, bila gita wala mikseri, ardhi haina kosa. Chukueni gita la besi lililotuniwa vizuri. Mvumo ukilingana na sol ya chini, yaani freti ya tatu ya uzi wa mi (49 Hz), ni ule wa 50 Hz, yaani mtikisiko wa umeme wa prizi wenyewe: tazameni nyaya za 6.3 V zinazowasha lampe. Zisokotwe pamoja, zikae mbali na waya wa kuingizia sauti. Kama transfoma haina waya wa katikati kwa hizo 6.3 V, fungeni rezista mbili za 100 ohm, nusu wati, moja kutoka kila upande hadi kwenye bati.

Ukilingana na uzi wa sol ukiwa wazi (98 Hz), ni ule wa 100 Hz, mara mbili ya umeme wa prizi, wenye sauti kavu zaidi. Huo kwa kawaida ni kondensateri kubwa za umeme (mikebe midogo inayotunza umeme na kuutuliza) zilizokauka kwa joto na miaka, au lampe mbili za mwisho, kama EL34, zisizovuta sawa. Kondensateri ya 47 µF na 450 V ibadilishwe kwa ya kipimo hichohicho. Volti zilizoandikwa juu ya mpya zikizidi 450 si neno, zikipungua inaweza kulipuka. Kuna wanaoweka 220 µF wakidhani wameua mvumo milele. Penye lampe ya GZ34, ile inayogeuza umeme wa prizi kuwa wa upande mmoja, mwisho ni 60 µF. Ukizidisha, kila ukiwasha lampe hiyo inapigwa na mkondo mkubwa hadi inakufa.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoeni plagi. Kondensateri hubaki na volti 400 na zaidi. Shikizeni rezista ya 10 kΩ, wati 5, kutoka mguu wa chanya hadi kwenye bati kwa sekunde kumi, kisha pimeni kwa mita: isizidi 10 V.

Plagi zilizokwisha kukatwa zirudishiwe waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, kabla ya Jumapili. Pimeni, ampli ikiwa imechomolewa, kati ya mguu wa ardhi wa plagi na bati lenyewe: mita isome chini ya ohm 1.

Fundi wa vyombo vya sauti,
Kamalondo, Lubumbashi